Kugawa Mzigo wa Kompyuta: Hesabu ya Siku Mbaya

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa karibu kama ilivyosemwa.)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme neno mwaka huu, alinipa masharti mawili: nisizidi nusu saa, na nieleze kazi yangu kwa maneno ambayo hata mpishi wa shule atayaelewa. Sharti la kwanza nitajitahidi. La pili limenifurahisha, kwa sababu kazi yangu niliielewa kwa mara ya kwanza humu humu ndani ya bwalo, miaka mingi kabla sijaiona kompyuta.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka. Tulikuwa zaidi ya mia nne, na jiko lilikuwa na madirisha matatu ya kugawia chakula. Kengele ikilia, wote tulikimbilia dirisha la kwanza kwa kuwa ndilo lililo karibu na mlango. Foleni ilifika nje hadi kwenye mwembe, na huku mpishi wa dirisha la tatu amekaa anafukuza nzi. Ndipo mwalimu wa zamu alipomweka kiranja mlangoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: "Wewe dirisha la pili. Wewe la tatu. Wewe la kwanza." Tukawa tunamaliza kula mapema, wala hakuongezwa mpishi hata mmoja.

Kiranja yule ndiye mada yangu ya leo. Benki, chama cha akiba na mikopo, duka la jumla au shule ikiwa na programu inayotumiwa na watu wengi, haiwezi kuwa na seva moja tu. Huwa na seva tatu, kumi, au zaidi, zenye programu ile ile. Mbele yake huwekwa mtambo unaopokea maombi yote na kuyagawa. Mafundi huuita lodibalansa. Mimi nitauita kigawamzigo. Nami nataka kuwaeleza namna ya kukichagua, na zaidi sana namna ya kupima ukubwa wake, kwa sababu niliwahi kukosea kipimo hicho, na kosa langu lilimkuta mtu aliyenifundisha hesabu katika shule hii.

Kwanza nisimulie kosa.

Mwaka 2012 nilikuwa fundi mkuu wa mitambo katika shirika moja lililotunza akiba za wafanyakazi. Wanachama walikuwa 84,000, na wengi walianza kutumia simu kuangalia akiba na kutoa fedha. Tukanunua vigawamzigo viwili, vikafanya kazi pamoja, kila kimoja kikichukua nusu. Karatasi ya muuzaji ilisema kila kimoja kina uwezo wa gigabiti 1 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimepima: saa ya msongamano mkubwa tulipitisha megabiti 84 tu. Nikamwambia meneja wangu kwa kifua mbele kwamba tumenunua zaidi ya mara kumi ya tunachohitaji. Akatia sahihi.

Siku ya mshahara, mwisho wa mwezi, saa mbili na dakika chache asubuhi, kifaa cha umeme cha kigawamzigo kimoja kiliungua. Sikushtuka. Nilijua cha pili kipo. Baada ya dakika tatu na hicho cha pili kikaacha kujibu. Nilikiwasha upya, kikasimama, kikaanguka tena. Simu zote za ofisini zikaanza kulia.

Simu yangu ya mfukoni nayo ililia. Alikuwa mwalimu wetu wa hisabati. Wengi wenu mnamjua, naye ameniruhusu nisimulie ila nisimtaje jina. Alikuwa kwenye dirisha la malipo la hospitali, mama amelala kwenye kitanda cha magurudumu nyuma yake, na akiba yake yote ilikuwa kwetu. Alisema kwa utulivu, kama alivyokuwa akisema darasani: "Kijana, huu mtambo wenu umelala. Utaamka lini?"

Sikuwa na jibu. Huduma ilirudi baada ya saa moja na dakika hamsini. Mama alihudumiwa na akapona, nasema mapema msije mkakaa roho juu. Lakini alihudumiwa kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa kwenye foleni ile, asiyemjua mwalimu wala mwalimu kumjua, alimkopesha fedha. Mtambo wangu haukuchangia chochote.

Jumapili yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akachukua kalamu ya risasi na kuniuliza: "Mlipima nini?" Nikamweleza. Tulikaa mpaka jioni, na hesabu tuliyoipiga pale mezani ndiyo nitakayowapa leo.

Tuanze na wingi wa data, kipimo nilichokitegemea. Nusu ya wanachama, yaani 42,000, walikuwa wakiingia kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi siku ya mshahara. Kila mmoja alituma maombi kama 15. Hayo ni maombi 630,000 kwa saa, au 175 kwa sekunde. Lakini watu hawaji kwa mpangilio. Dakika nzito ilikuwa mara tatu ya wastani, yaani maombi 525 kwa sekunde. Kila jibu lilikuwa na kilobaiti 20 hivi. Ukizidisha, unapata kilobaiti 10,500 kwa sekunde, sawa na megabiti 84. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ila ilijibu swali ambalo halikuwa na tatizo.

Swali lenye tatizo lilikuwa la salamu. Simu inapoanza kuzungumza na mtambo wa fedha, kwanza husalimiana na kupatana ufunguo wa siri, ili mwizi aliye njiani asisome kinachopita. Utaratibu huo huitwa TLS. Kupitisha data baada ya salamu ni kazi nyepesi. Salamu yenyewe ndiyo inayokula nguvu ya kompyuta. Vigawamzigo vyetu viliuzwa na leseni ya salamu 100 kwa sekunde kila kimoja. Iliandikwa kwenye karatasi ile ile, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo. Nami niliisoma nikaipita.

Sasa tuhesabu salamu. Mtandao wa simu hukatika-katika, hivyo kila mwanachama alifungua miunganisho kama minne. Watu 42,000 mara nne ni miunganisho 168,000 kwa saa, au karibu 47 kwa sekunde. Mara tatu kwa dakika nzito: 140 kwa sekunde. Vigawamzigo viwili viligawana 70 na 70. Kwenye kioo changu kila kimoja kilionyesha asilimia 70, na mimi nikaona kuna nafasi. Kimoja kilipokufa, kilichobaki kilitakiwa kusalimia 140 na uwezo wake ni 100.

Mwalimu aliweka kalamu chini akasema: "Ulipiga hesabu ya wawili wakiwa hai. Ungepiga ya mmoja akiwa amekufa."

Na hayo si yote. Kila muunganisho ulidumu kama sekunde 60. Mmarekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo kila kijana hapa anaweza kuitumia: idadi ya waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa sekunde mara muda wanaokaa. Basi 140 mara 60 ni miunganisho 8,400 iliyo hai kwa wakati mmoja. Nusu yake, 4,200, ilikuwa kwenye kigawamzigo kilichoungua. Wote hao walirudi mlangoni kwa mara moja, juu ya wale 140 wa kila sekunde. Mlango unaopitisha 100 kwa sekunde na wanaokuja ni 140 hauwezi kamwe kumaliza foleni, hata kama foleni ilianza tupu. Tena mtu akiona simu yake inazunguka tu, hufanya nini? Hubonyeza tena. Kila kubonyeza ni salamu mpya.

Vijana wanaosoma hisabati waongeze jambo moja hapa. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 maandiko yake ya kwanza juu ya foleni za simu. Kutoka katika elimu hiyo tunajua kwamba foleni haikui sawasawa na mzigo. Chukua mhudumu mmoja, na wateja wanaokuja bila mpangilio. Kama kazi peke yake huchukua milisekunde 10, basi mhudumu akiwa na mzigo wa nusu ya uwezo wake, mteja hukaa milisekunde 20. Kwenye asilimia 80 hukaa 50. Kwenye asilimia 90 hukaa 100. Kwenye asilimia 95 hukaa 200. Ndiyo maana mtambo ulioonekana mzima saa mbili kamili unaweza kuwa hoi saa mbili na robo, na mzigo umeongezeka kidogo tu. Anayesubiri ifike asilimia 90 ndipo anunue, amechelewa.

Basi ukubwa unaofaa ulikuwa upi? Tuliupata hivi. Wanachama wetu walikuwa wakiongezeka kama robo kila mwaka. Kwa miaka mitatu hiyo ni karibu mara mbili, kwa usahihi mara 1.95. Salamu 140 zitakuwa 273. Miunganisho hai 8,400 itakuwa karibu 16,400. Sasa chukua siku mbaya: kigawamzigo kinachofanya kazi kimekufa, na wote 16,400 wanarudi kwa mwenzake. Tuseme tunataka wote wawe wameingia ndani ya sekunde 20, kabla hawajaanza kubonyeza ovyo. Hizo ni salamu 820 kwa sekunde. Ongeza 273 za kawaida, unapata karibu 1,100. Kila kigawamzigo, kikiwa peke yake, kinatakiwa kuweza salamu 1,100 kwa sekunde. Mimi nilinunua chenye 100.

Kwa hiyo, ndugu zangu, atakayekuja kwako na karatasi ya kuuza mtambo huu, muulize mambo matano, wala usikubali jibu la moja likafunika mengine: maombi mangapi kwa sekunde, miunganisho mipya mingapi kwa sekunde, salamu za TLS ngapi kwa sekunde, na kwa cheti cha aina gani, miunganisho mingapi hai kwa pamoja, na data kiasi gani. Aina ya cheti si jambo dogo. Cheti cha RSA cha biti 2048 humtoa jasho mtambo mara nyingi kupita cheti cha ECDSA cha P-256, na RSA ya biti 4096 ni nzito zaidi. Uliza pia kama vigawamzigo viwili vinashirikiana funguo za kukumbukia wateja, ili mteja aliyesalimiana na kimoja asianze salamu ndefu kwa kingine.

Sasa nigusie kuchagua. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kununua chombo maalumu, kama nilivyofanya. Huja na msaada wa muuzaji na mambo mengi ndani yake, lakini uwezo wake mara nyingi hufungwa na leseni, na kuongeza uwezo ni kununua leseni nyingine. Ya pili ni programu huru juu ya kompyuta za kawaida. Iko LVS, iliyoanzishwa na Mchina Wensong Zhang mwaka 1998. Iko HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau, iliyotolewa huru mwaka 2001. Iko Nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotolewa mwaka 2004. Hizi hazina bei, ila zinadai fundi anayezijua, na fundi ana bei. Ya tatu ni kukodi kwa makampuni makubwa ya mitambo ya kukodisha. Amazon walianza kukodisha vigawamzigo mwaka 2009. Huko hununui ukubwa, unalipia matumizi. Lakini msidhani hesabu imekwisha. Hata hivyo vya kukodi hukua kwa hatua, na msongamano wa ghafla unaweza kuvitangulia. Tena pima umbali: mteja wa hapa akihudumiwa na mtambo ulioko Ulaya, kila salamu husafiri kwenda na kurudi. Na sheria za kulinda taarifa za watu, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zina masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Sisi kwanza tulinunua leseni kubwa zaidi kwa haraka, na haraka hiyo iligharimu. Mwaka 2014 HAProxy ilipotoa toleo lake la 1.5, ambalo liliweza kubeba TLS lenyewe, tulihamia kwenye kompyuta mbili za kawaida. Moja ilifanya kazi, nyingine ilisubiri.

Jambo jingine la kuchagua ni kiranja wako asome nini. Yuko kiranja anayetazama anwani tu nje ya bahasha, wasema mafundi yuko tabaka la nne. Ni mwepesi na hachoki. Na yuko anayefungua barua na kuisoma, yuko tabaka la saba. Huyu anaweza kusema, anayetaka taarifa ya mwaka aende seva zile, anayetaka salio aende hizi. Lakini ili asome ni lazima afumbue siri, na kazi ya salamu inakuwa juu yake. Programu za kurasa za wateja hufaidika na huyu wa pili. Hifadhi ya data na mitambo mingine isiyotumia kurasa, wa kwanza anatosha.

Kisha namna ya kugawa. Kama maombi yote yanafanana, zamu kwa zamu inatosha. Kama mengine ni mafupi na mengine marefu, mpeleke mteja penye miunganisho michache. Kama seva moja ina nguvu mara mbili ya nyingine, ipe uzito wa mara mbili. Na mjihadhari na mteja aliyeacha sahani yake dirisha la pili, ambaye lazima arudi dirisha lile lile. Programu zinazoweka kumbukumbu za mteja ndani ya seva moja hutufunga mikono. Seva hiyo ikifa, wateja wake wote hutolewa nje. Kumbukumbu ziwekwe mahali pa pamoja, ili dirisha lolote liweze kumhudumia yeyote.

La mwisho ni ukaguzi. Kiranja mvivu huangalia kama dirisha liko wazi. Mwangalifu huchungulia kama sufuria ina kitu. Seva inaweza kuitika mlangoni na huku programu iliyomo ndani haifanyi kazi. HAProxy, usipoibadilisha, hukagua kila sekunde 2. Seva ikishindwa mara 3 mfululizo huondolewa, ikifaulu mara 2 hurudishwa. Lakini msizidishe ukali. Ukimwamuru kiranja aulize kila mara mpaka kwenye hifadhi ya data, siku hifadhi itakapochelewa kidogo atazitangaza seva zote zimekufa, na utakuwa umefunga jiko lote kwa sababu chumvi imechelewa.

Na baada ya yote hayo, jaribuni. Sisi tangu mwaka ule tulipanga usiku mmoja kila baada ya miezi mitatu. Tulituma maombi ya uongo yenye uzito wa siku ya mshahara, kisha nikaenda mwenyewe kuchomoa waya wa umeme wa kigawamzigo kinachofanya kazi. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya kwanza hiyo pia tuligundua makosa mawili ambayo karatasi isingetuonyesha. Ni afadhali kuyagundua saa nane usiku, wanachama wamelala, kuliko saa mbili asubuhi siku ya mshahara.

Vijana, sina wosia mrefu. Wengi wenu mtaulizwa siku moja, "Je, kinatosha?" Inaweza kuwa kompyuta, daraja, tangi la maji au dawa za zahanati. Mtakuwa na wastani mkononi, nao utaonekana mzuri. Kabla hamjatia sahihi, pigeni hesabu ya pili: siku watu wote wanapokuja, na kimoja kati ya viwili kimeharibika. Isomeni karatasi mpaka ukurasa wa nne.

Mwalimu wetu yupo hapa leo, kiti cha tatu kutoka dirishani, na mama yuko kando yake. Karatasi tuliyopigia hesabu Jumapili ile ninayo bado. Nimemwomba aisahihishe kwa wino mwekundu kama zamani, naye ameniambia atafikiri.

Ndugu Mwenyekiti, nusu yangu ya saa imekwisha.